Nakivubo hauanzii Owino

Nenda kwenye mfereji wa Nakivubo jijini Kampala, karibu na soko la Owino, siku ya nne bila tone la mvua. Maji bado yanapita, ya kijivu, yana povu kandokando na harufu inayokupokea kabla hujafika. Mvua haipo. Chemchemi za vilimani hutoa kidogo tu. Yaliyobaki ni maji ya vyoo, ya sabuni, ya gereji na ya viwanda. Anayetaka kujua hali ya mto wa mjini haanzi na maabara, anaanza na swali hilo: wakati wa kiangazi, haya maji yanatoka wapi?

Naanzia hapo kwa sababu mipango mingi ya kufufua mito ya mjini huanza na mchoro: njia ya waenda kwa miguu, viti, taa, mkahawa unaotazama maji. Mchoro unapendeza, lakini faida kubwa ya kiuchumi haimo kwenye viti. Imo kwenye tope na majitaka. Kampala inalipia vitu hivyo viwili kila siku, ila bili imegawanywa kwa watu wengi mno hata hakuna anayeiona nzima.

Chukua upande wa majitaka kwanza. Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya jiji, kutoka miteremko ya Makerere, Nakasero na Kololo, hupita Kisenyi na eneo la viwanda, hukatiza Namuwongo na Bugolobi, kisha huingia kwenye kinamasi na hatimaye Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Mwendo wote ni kama kilomita 9. Kwenye ghuba hiyohiyo ndiko mitambo ya Gaba inakovuta maji ya kunywa. Jiji linachota kwenye bakuli lilelile linalomwagia. Ghuba ikipokea virutubisho vingi, mwani unastawi. Mwani ukistawi, mtambo unatumia shabu na klorini zaidi, na vichujio vinaziba haraka hivyo vinaoshwa mara nyingi, tena kwa maji yaliyokwisha kusafishwa na umeme uliokwisha kulipiwa. Kuchafuka kwa ghuba ni mojawapo ya sababu zilizolifanya Shirika la Maji kwenda kujenga mtambo mpya Katosi, Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku. Umbali huo una mabomba, na maji hayasukumwi bure. Senti zake zimo kwenye bili ya hoteli, kiwanda cha soda na mama mwenye bomba la uani.

Mwaka 1999 wachumi wa mazingira walikadiria thamani ya kinamasi cha Nakivubo, eneo la kilomita za mraba 5 na kidogo. Kazi yake ya kusafisha maji peke yake ilithaminiwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, kwa bei za wakati ule. Mafunjo yalifanya kazi hiyo bila mshahara wala umeme. Tangu hapo eneo hilo limeendelea kumegwa kwa vifusi, viwanda na mashamba ya mayuni (majimbi).

Jiji halijakaa bure. Mtambo mpya wa Bugolobi una uwezo wa kusafisha lita milioni 45 za majitaka kwa siku, na gesi inayotoka kwenye tope lake huzalisha umeme. Ule wa Lubigi, uliofunguliwa 2014, hupokea majitaka ya mabomba pamoja na kinyesi kinacholetwa na malori kutoka vyoo vya shimo. Tatizo ni kwamba mtambo hauwezi kusafisha kisichoufikia. Wakazi waliounganishwa na mabomba ya majitaka ni wachache sana, pengine mmoja kati ya kumi au pungufu. Waliobaki wana matangi na vyoo vya shimo, na kwenye mabonde kama Bwaise maji ya ardhini yako karibu mno na uso hata shimo haliwezi kwenda chini. Vyoo hujengwa vikiwa vimeinuliwa, ngazi tatu au nne juu. Chini ubavuni huachwa tundu lenye kizibo. Mvua kubwa ikianza, kizibo kinatolewa. Ni njia ya bei rahisi kuliko zote ya kunyonya choo, na anayeilipia ni jirani wa chini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kufufua mfereji ni msako wa viungio, yaani mabomba yanayomwaga majitaka mferejini. Hauhitaji mitambo. Unatembea mferejini siku kavu, unaweka namba kwenye kila bomba linalotiririsha, unapima kwa ndoo ya lita 20 na saa: ndoo ikijaa kwa sekunde 10, hilo bomba linamwaga lita 2 kwa sekunde, zaidi ya mita za ujazo 170 kwa siku. Ambayo hayajulikani yanatoka wapi, unayafuata kwa rangi ya fluoresceini: kijiko kimoja kwenye choo cha jengo unaloshuku, mtu mmoja anasubiri mferejini. Kijani kikitokea, ubishi umekwisha. Mara nyingi utakuta mabomba machache makubwa yanabeba sehemu kubwa ya uchafu, na hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Kisha hulazwa bomba la kukinga kandokando ya mfereji, likipokea hayo yote na kuyapeleka mtamboni. Bomba la milimita 200 linahitaji kushuka angalau mita 1 kwa kila mita 250 ili maji yaende kasi ya kutosha, kama mita 0.65 kwa sekunde likijaa, la sivyo uchafu mzito unakaa chini na bomba linaziba. Makosa yanayoua mabomba haya ni mawili. La kwanza ni kuruhusu maji ya mapaa yaingie humo: siku ya mvua mifuniko inaruka na majitaka yanarudi mferejini. La pili ni mifuniko ya chuma. Inaibwa, inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, halafu shimo lililobaki wazi linageuka pipa la taka. Weka ya zege.

Kwa vyoo visivyoweza kuunganishwa, pampu ya mkono ya gulper hufanya kazi pale gari la kunyonya lisipopita: mapipa, mkokoteni au gari dogo, safari ya kwenda kituo cha kupokea. Kinachoshinda hapa ni umbali. Kituo kikiwa mbali, mwenye pampu anatoza bei ambayo mpangaji hawezi, na kizibo kinarudi kazini.

Sasa tope, na hapa ndipo hesabu inaponoga.

Mvua ya milimita 60 ndani ya saa moja si jambo geni Kampala. Juu ya kilomita moja ya mraba, hizo ni mita za ujazo 60,000. Mlima ukiwa na nyasi, miti na mashamba, kama asilimia 30 yake hutiririka: mita za ujazo 18,000, sawa na wastani wa mita za ujazo 5 kwa sekunde. Mlima uleule ukishafunikwa mabati, zege na nyua zilizosakafiwa, asilimia 70 hutiririka: mita za ujazo 42,000, karibu mita za ujazo 12 kwa sekunde. Mvua ni ileile, mfereji uleule, maji zaidi ya mara mbili. Watu wa bondeni wakisema mvua za siku hizi zimekuwa kali, huenda ni kweli, lakini mabati ya mlimani nayo yamo kwenye kesi.

Mabati huleta maji, barabara za udongo huleta mchanga. Kila kiwanja kilichokatwa mlimani na kuachwa kikisubiri pesa za msingi huteremsha udongo mwekundu mvua inaponyesha, nao hutua pale mfereji unapopoteza mteremko, yaani katikati ya biashara. Watu hudhani mfereji uliojaa tope kwa asilimia 40 umepoteza asilimia 40 ya uwezo. Sivyo. Chukua mfereji wa zege wenye upana wa mita 6 na kina cha mita 2. Tope la sentimita 80 likikaa chini, kina kinabaki mita 1.2. Eneo la kupitisha maji limepungua, na wakati huohuo maji yanasuguana zaidi na kuta na sakafu kwa kulinganisha na ujazo wake. Ukipiga hesabu ya mkondo, mfereji huo unabaki na chini ya nusu ya uwezo wake wa awali. Kabla hujaomba mkopo wa kuupanua, uzoe.

Kuzoa nako kuna hesabu. Sentimita 80 kwa kilomita moja ya mfereji huo ni mita za ujazo 4,800, safari 480 za tipa la mita 10. Na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: tope linachotwa, linarundikwa ukingoni “likauke”, tipa halijalipwa mafuta, mvua inanyesha usiku wa tatu, tope linarudi nyumbani. Mkataba usio na usafirishaji ndani ya saa 24 ni mkataba wa kuzoa mara mbili. Jambo jingine, tope la eneo la viwanda linaweza kuwa na metali nzito. Lipimwe kabla hajatokea mtu kulipeleka shambani. Mchanga safi wa juu, kabla ya kuchanganyika na taka, ni habari nyingine. Vijana tayari huuchota na kuwauzia mafundi ujenzi. Ukiwapa mahali pazuri pa kuuchotea, unapata wazoaji wanaolipwa na soko.

Mahali hapo ni mtego wa mchanga, unaojengwa juu kabisa, mlima unapokutana na bonde. Ni sehemu ya mfereji iliyopanuliwa ili maji yapunguze mwendo hadi mita 0.3 kwa sekunde. Punje ya mchanga ya milimita 0.2 huzama kama sentimita 2 kwa sekunde. Maji yakiwa na kina cha mita 1, inahitaji sekunde 50 kufika chini, na ndani ya sekunde hizo maji yamesafiri mita 15. Ongeza maradufu kwa ajili ya misukosuko, upate mtego wa mita 30. Sakafu iwe ya zege, na uwe na njia ya mteremko ya kuingilia mashine, maana mtego usiofikiwa na mashine utajaa msimu wa kwanza na kubaki kichuguu. Uzolewe kabla haujafika nusu.

Buveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa zinahitaji chujio lake, nalo hukosewa kila mara. Watu hupanga nondo karibukaribu, wima, mbele ya kalavati. Takataka zinaganda, chujio linageuka bwawa, maji yanaingia madukani upande wa juu, na wananchi wenye hasira wanaling'oa. Nafasi kati ya nondo iwe sentimita 10 hadi 15, chujio lilale kwa nyuzi 45 hadi 60 ili taka zipande juu badala ya kuziba, na pembeni kuwe na njia ya dharura ya maji kupita likijaa. Tena liwe pale lori linapofika. Vyuma vya reli vilivyochakaa, vikizamishwa kwenye zege, huibwa kwa shida kuliko nondo.

Mlimani kwenyewe kuna kazi ya matangi, ambayo husifiwa kuliko inavyofanya. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ile ya milimita 60 hutoa karibu lita 6,000. Tangi la lita 5,000 lingemeza karibu yote, na mapaa elfu moja yangezuia mita za ujazo 5,000 zisifike bondeni. Lakini tangi lililojaa halizuii kitu, na mwenye nyumba anataka tangi lake lijae. Suluhisho ni tundu dogo katikati ya kimo, linalovuja polepole: nusu ya chini ni ya kufulia, nusu ya juu hujimwaga yenyewe kwa siku moja na kusubiri mvua nyingine. Viwanja vya michezo vya shule hufanya vizuri zaidi. Kiwanja cha hekta 0.7 kilichoshushwa sentimita 40 hushika mita za ujazo 2,800, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya zile mita za ujazo 42,000 zinazotiririka kutoka mlima wa mabati. Kesho yake mpira unachezwa kwenye unyevu. Bonde la Kitante, kwenye uwanja wa gofu, bado lina nafasi ya aina hiyo katikati ya jiji; anayetaka kulijenga angepaswa kwanza kutuambia maji yake yatalala wapi.

Mwaka 2025 hoja ya kufunika Nakivubo na kujenga juu yake ilizua mjadala mkali. Kwa maoni yangu, kufunika ni kununua ardhi ya maduka kwa mkopo wa mafuriko. Mfereji wazi ukizidiwa hupanda taratibu na unauona. Uliofunikwa ukishajaa hauna pa kupanda, maji yanarudi juu na kutokea mitaa ya nyuma. Kila nguzo inayosimama ndani ya mkondo hukamata matambara na buveera. Katapila haliwezi kuingia, na mtu anayeteremka kuzoa kwa mkono anakutana na gesi ya majitaka inayoweza kumuua kwa dakika chache. Seoul ilipitia njia hiyo: mto Cheonggyecheon ulifunikwa, ukajengewa barabara ya juu, kisha kuanzia 2003 hadi 2005 vyote vikabomolewa kwa urefu wa kilomita 5.8. Bei ya ardhi iliyo karibu ilipanda, joto la eneo likashuka, watalii wakamiminika. Lakini ule si mto wa bure: maji kama mita za ujazo 120,000 kwa siku husukumwa kwa pampu ili usikauke. Na wachuuzi waliokuwa pale waliondolewa, na wengi hawakurudi.

Suala la wachuuzi ndilo litakaloamua mambo Kampala, kwa hiyo Singapore inafaa zaidi kutazamwa. Usafishaji wa mto wao ulichukua miaka 10, 1977 hadi 1987. Maelfu ya wachuuzi walihamishiwa kwenye majengo ya soko yenye bomba la maji na mtaro uliounganishwa na majitaka. Hawakufukuzwa tu, kile kilichowafanya wachafue, yaani kukosa bomba na mahali pa kumwaga, kiliondolewa. Muuza samaki wa Owino anamwaga maji yake mferejini kwa sababu mfereji ndio pekee ulio karibu. Ukimhamisha bila bomba, umehamisha uchafu mtaa wa pili. Kazi ya ujenzi nayo iende vipande vya mita 150 au 200, katika miezi mikavu ya Desemba hadi Februari na Juni hadi Julai, ili kila kundi la wafanyabiashara lisimame wiki chache tu. Mtaji wa mboga hauvumilii miezi sita.

Huku chini, kinamasini, kazi si ya zege kabisa. Mfereji ulionyooshwa hupeleka maji moja kwa moja, na reli ya kwenda Port Bell inayokatiza kinamasi huyabana yapite kwenye kalavati chache. Wakulima wa mayuni nao huchimba mitaro ya kukausha vitalu. Matokeo yake maji machafu yanapita kama mgeni asiyeketi, na mafunjo hayapati muda wa kuyachuja. Kurudisha ni kuziba ile mitaro, kuongeza kalavati chini ya reli, na kuyagawa maji kwa ukuta mfupi wenye matundu mengi ili yaenee kwa upana. Haya yote yana mpaka wake: ziwa likipanda, mteremko unapotea. Mei 2020 lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Sehemu za mwisho za mfereji zipangwe kwa kimo hicho na ziada yake.

Nani alipe? Katiba, kifungu cha 237, inaiweka mito na ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa ajili ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 30 za hifadhi kila upande hata kwa mito midogo. Kwenye ardhi ya mailo, yaani yenye hati binafsi ya kudumu, ambayo juu yake wapo wenye vibanja, wakazi wenye haki ya kuikalia, mita hizo 30 zina watu, makaburi na hati. Fidia huchelewesha kazi kuliko zege, kwa hiyo tathmini ianze mwaka mmoja kabla ya mashine. Upande wa mapato, jiji hutoza kodi ya majengo ya asilimia 6 ya thamani ya ukadiriaji. Jengo la kupangisha lililokuwa na thamani ya shilingi milioni 9 kwa mwaka likipanda hadi milioni 12 kwa sababu maji hayaingii tena, kodi inatoka 540,000 hadi 720,000. Zidisha kwa majengo ya kingo zote mbili. Lakini hiyo inapatikana tu daftari la ukadiriaji likisahihishwa baada ya kazi. Likibaki la zamani, faida yote inaishia mfukoni mwa mwenye jengo, naye anampandishia mpangaji kodi ya pango. Nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi, hivyo maeneo ya makazi yasitegemewe kurudisha pesa kwa njia hii.

Kuna faida nyingine ambayo daftari halioni. Mshonaji wa Bwaise ambaye maji humwingilia mara nne kwa mwaka hanunui cherehani ya mota, haweki friji, hajazi mali kwenye rafu za chini. Anaendesha biashara kwa kimo cha meza. Siku ukuta wa matofali aliojenga mlangoni mwake unapobomolewa kwa kukosa kazi, mtaji unateremka sakafuni.

Fungu la usafi liwekwe kando kabla ya fungu la viti, na lilipwe kwa matokeo, si kwa siku za kazi. Chora mstari wa rangi ukutani mwa mfereji kuonyesha sakafu ilipo kwa kimo, pointi 10 kwa kila kilomita. Kila mwisho wa mwezi mkaguzi anashuka na fimbo yenye vipimo, mwenyekiti wa mtaa na wenye maduka wakitazama. Fimbo ikigonga tope zaidi ya sentimita 20 juu ya sakafu kwenye pointi tatu, malipo ya kipande hicho yanasubiri hadi kizolewe.